Kazi Nayo Ina Daka Lake

Wageni wanaokuja kututembelea kazini huanza kwa kutafuta bahari. Wamesikia kuna watu wanaochora vitabu vya watoto, kadi za harusi na lebo za halua ndani ya mji wa kale wa Lamu, na vichwani mwao wamekwisha kutujengea dirisha kubwa, upepo wa kaskazi na majahazi yanayopita. Wanaingia, wanakuta ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, hauna dirisha, na taa inawaka saa nne za asubuhi. Hakosi mmoja wa kuuliza: sasa fikra mnazitoa wapi?

Fikra hatujapungukiwa. Mji huu, ukae kwenye baraza lake moja baina ya alasiri na magharibi, utainuka na visa vya kutosha vitabu vitatu na kesi moja. Kinachoadimika ni saa mbili zinazofuatana ambazo hukuitwa jina. Nimekuwa katika kazi hii ya kuchora na kusanifu vitabu miaka mingi sasa, kwanza Mombasa katika ofisi ya watu, kisha hapa nyumbani pamoja na binti ami yangu na vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume kutoka Faza. Ninachokiamini ni kwamba kazi nzuri ya ubunifu haifi kwa kukosa kipaji. Hufa kwa hodi.

Kwa asiyeijua Lamu, hodi zetu zina uzito wake. Mji wa kale hauna magari, na vichochoro vyake vingine watu wawili wakikutana na punda mmoja, mtu itabidi aingie dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, kwa wenyewe wapishane. Kila mtu yuko kwa miguu, kila aendaye kwa miguu husalimia, na salamu yetu si neno moja. Hujambo, nyumbani hawajambo, mama aendeleaje, yule wa Mombasa ameshafika, mwenye nyumba karudi? Umpite mtu hivi hivi, jioni habari itakuwa imemfikia shangazi yako. UNESCO ilipouandikisha mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, moja katika sifa zilizohesabiwa ni kwamba si magofu ya kutazamwa. Watu wanaishi ndani yake na mila zao. Ni kweli tupu. Na hao wanaoishi ndani yake ndio wanaobisha mlangoni kwangu saa tatu na nusu, nami niko katikati ya sikio la sungura.

Wala kufunga mlango si dawa. Mlango uliofungwa mchana katika mtaa wa Mkomani una maana tatu, safari, msiba au ugomvi, na watu watakuja kuuliza ni ipi. Tuliofanya kazi miji mikubwa tunavijua vile vibao vya "Usisumbue". Hapa kibao hicho ni tusi, tena tusi la maandishi.

Dawa tuliikuta imekwisha kujengwa. Nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, hazikupangwa vyumba kandokando kama za siku hizi. Zimepangwa kwa kina. Unaanza dakani, kwenye mabaraza ya mawe yanayotazamana mbele ya mlango. Ukivuka mlango uko tekani, na hapo njia imepindwa makusudi ili apitaye nje asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ule ua ulio wazi kwa juu unaoleta nuru na hewa. Kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na ukumbi wa juu, sakafu ikipanda kidogo kila unapoingia, na mwisho ndani, chumba chenye pambo la zidaka, yaani vishubaka vya chokaa ukutani. Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Upana wa chumba huamuliwa na mti, si na kiburi cha mwenye nyumba. Na kila hatua unayoingia yataka ruhusa kubwa zaidi. Muuza samaki huishia dakani. Jirani hufika kiwandani. Jamaa hufika msanani. Ndani ni kwa wa ndani.

Sisi tumeipanga kazi kwa mpango huohuo. Hatukubuni kitu.

Dakani ndiko kwenye maongezi yote ya mwanzo: mteja mpya, mwenye bili ya maji, mwanafunzi anayetaka kupigiwa chapa barua, mzee aliyechoka na jua akataka kukaa tu. Kila siku kuna mtu mmoja wa zamu, naye siku hiyo hapangiwi kazi yenye kutaka kichwa. Hapo ndipo penye siri yote ya mpango. Ofisi nyingi nilizoziona husema "tusisumbuane", halafu hazimpi mtu yeyote kazi ya kusumbuliwa, na mwisho wake kila mtu husumbuliwa kidogo kidogo mpaka jua linatua. Kwetu husumbuliwa mmoja, kwa zamu, tena kwa moyo mkunjufu, maana anajua kesho atakuwa ndani. Mgeni naye haoni amefukuzwa. Amekaribishwa, amepewa kahawa, amesikilizwa na mtu asiye na haraka. Wengi hawajagundua mpaka leo kwamba hawajawahi kupita tekani.

Mpango ulikuwa na tundu moja, nalo lilikuwa ni sisi wanawake. Baraza la nje ni la wanaume. Mwanamke akiwa wa zamu hukaa tekani, mlango wazi, na mgeni wa kiume hukaa barazani, wakaongea vizuri tu. Lakini bi harusi na mama yake na shangazi zake wanne waliokuja kuchagua kadi utawaweka wapi? Si dakani, watazamwe na kila atokaye Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Wazee waliojenga mji huu walilifikiria jambo hilo zamani: ndiyo maana nyumba nyingine zina wikio, chumba kinachovuka njia kwa juu kutoka nyumba hii hadi ya pili, wanawake wapitiane bila kuteremka uchochoroni. Sisi hatuna wikio. Tumeweka siku. Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri kiwanda ni cha akina mama, pazia hushushwa, kijana wetu wa Faza hutafutiwa safari ya kwenda kulipa bili, na kazi yoyote yenye kutaka utulivu haipangwi saa hizo. Ni kelele mtindo mmoja. Sampuli zimetandazwa mkekani, watoto wanakimbizana, mtu ameleta kaimati na mwingine ameleta habari. Tunazipenda jioni zile. Na zikishapita, siku nyingine haziguswi.

Simu ndiyo haina adabu ya daka. Inaingia moja kwa moja mpaka ndani na viatu vyake. Zile zidaka za ukutani, enzi za wenyewe, zilipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina; zetu za msanani zimepambwa kwa simu nne zilizolazwa kifudifudi. Asubuhi kila mtu huweka yake, na mwenye zamu huzisikiliza. Mama wa mtu akipiga, ataitwa. Mteja akituma ujumbe wa "vipi, tayari?" atajibiwa kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri, na tulimwambia hivyo siku ya kwanza. Nilidhani wateja watalalamika. Wamezoea upesi kuliko sisi. Sisi ndio tuliokuwa tukitembea kwenda kwenye kidaka "kutazama saa".

Na saa hatuhitaji. Mji una adhana. Watu wa nje hudhani adhana hukata kazi, na kweli hukata, lakini jinsi mshonaji anavyokata kitambaa. Tuko karibu sana na ikweta, digrii 2 tu kusini yake, kwa hivyo nyakati hazihamihami kama kwa wenzetu wa mbali: jua la utosi kwa mwaka mzima huzunguka baina ya saa sita na saa sita na nusu, halizidi hapo. Ukijua hivyo, asubuhi yako ina urefu unaojulikana. Tangu saa mbili, tukishamaliza mahamri na mbaazi, mpaka adhuhuri ni wakati wa ndani: kuchora ukurasa mpya, kutafuta sura ya mhusika, kupanga kitabu. Hakuna kikao asubuhi. Hakuna ankara asubuhi. Hata kuwasha printa ni mwiko, maana printa ikikwama watu wote wanne huinuka kutoa ushauri.

Baina ya adhuhuri na alasiri joto limeshatuama hata ukuta wa nusu mita haukusaidii, na huo ni wakati wa kula, kuswali, kulala kidogo kwa anayeweza, na kwa asiyeweza, kazi za mkono mtupu: kukata karatasi, kupanga mafaili, kusafisha mstari uliochorwa asubuhi. Sijawahi kuona fikra njema ikija saa nane mchana Lamu. Kama kuna aliyeipata, namwonea wivu.

Kalenda yetu ina mashimo mengine makubwa na tunayaandika mapema. Ramadhani kazi ya kichwa huhamia usiku baada ya tarawehe, na mchana ni kwa mambo mepesi. Mfungo Sita, wiki ile ya Maulidi, mji mzima unaelekea Langoni, Msikiti wa Riyadha, wageni wanafika kutoka pwani nzima, na nyumba yako ina watu kumi na wanne ambao hukuwaalika wote. Mteja anayetaka kazi wiki hiyo tunamwambia ukweli: ataipata kabla au baada. Nimeona watu wakiahidi ya katikati. Wanaitoa, lakini unaiona ilivyochoka.

Alasiri ikishaswaliwa ndipo tunapokutana msanani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sioni tabia nyingine iliyobadilisha kazi yetu kama hii.

Kila mtu huleta alichofanya, kiwe kimekwisha au hakijakwisha, hasa kama hakijakwisha, na kukiegemeza ukutani. Hakuna kueleza. Aliyechora hunyamaza. Kisha tunasema, na wa kwanza kusema ni mdogo wetu kuliko wote.

Jambo hilo si dogo kwa watu tuliolelewa hapa. Sisi tumefunzwa kwamba mkubwa akiwapo, mdogo husikiliza, na mkubwa akishasema, limekwisha. Adabu hiyo naipenda na sitaki ife. Lakini kwenye kazi ya kuchora ina hasara moja kubwa: mimi nikisema rangi imekaa vizuri, binti wa miaka ishirini hatasema imemuumiza macho. Atasema "ndiyo, bibi, imekaa," na hivyo ndivyo kitabu kinavyokwenda kwa mchapishaji na bahari yenye rangi ya sabuni. Basi tumepindua zamu ya maneno tu, heshima tumeiacha mahali pake. Yeye huanza, tena kwa ruhusa yetu, ikawa kunyamaza ndiko kunakokuwa utovu wa adabu. Wiki za mwanzo alikuwa akisema huku anatazama mkeka. Siku hizi tunamwomba apunguze.

La pili ni maneno yenyewe. Watu wa mwambao tumejaliwa mafumbo. Tunaweza kumtukana mtu kwa kanga aliyoinunua mwenyewe. Ufundi huo ni mzuri harusini na haufai hata kidogo mbele ya mchoro. "Mashallah, kazi nzuri" haimsaidii mtu, na "hapa pana watu wenye haraka zao" humvunja tu. Tulikubaliana kwamba msemaji hatoi hukumu. Atasema mambo mawili: jicho lake lilikwenda wapi mwanzo, na lilikwama wapi. Kisha aweke kidole hapo. Akitaka kurekebisha, ipo karatasi nyembamba yenye kupitisha nuru. Aiweke juu ya mchoro achore anachokiona yeye, na mwenye mchoro aamue baadaye, peke yake.

Kulikuwa na kazi ya kanga ya harusi ambayo naikumbuka kwa sababu ya hilo. Kanga, kama inavyojulikana, ina pindo, ina mji wa katikati na ina jina, yaani yale maneno yake, na watu wa harusi walitaka jina lisomeke mtu akiwa amesimama upande wa pili wa kiwanja. Binti ami yangu ndiye aliyeichora, na yeye katika mambo ya pindo hana mwenzake. Aliipanga michoro ya korosho ikapishana kwa namna ambayo ningeweza kuitazama siku nzima. Mimi nilikuwa tayari kupiga makofi. Mdogo wetu akasema: jicho langu limeshikwa na pembe ya kulia, limezunguka pindo lote, jina nimeliona mwisho. Kidole pembeni. Kukawa kimya. Binti ami yangu alikaa na karatasi ile usiku kucha, akapunguza uzito wa mistari ya korosho, akaipa sanduku ya jina nafasi tupu kila upande, na herufi hazikuongezwa ukubwa hata kidogo. Zikasomeka. Mimi kwa ukubwa wangu nilikuwa nataka kusema "ongezeni herufi".

Si kila siku huwa hivyo. Siku nyingi kikao ni robo saa na mtu ameambiwa mkono wa mhusika una vidole sita.

Tukimaliza ndipo kahawa. Yule muuza kahawa huja na dele lake la shaba na mlio wa vikombe unaojulikana tangu njia ya tatu, na kijana wetu hutoka na chupa akaijaza. Tunainywa kiwandani, na kashata, hakuna anyweaye mezani. Tumelishikilia sana jambo hili dogo, kwanza kwa sababu kahawa na karatasi ni maadui, na pili kwa sababu mtu anayekunywa mezani hajapumzika na hajafanya kazi. Kiwandani kazi haitajwi mpaka mtu aitaje mwenyewe bila kukusudia. Jina la mhusika wetu mmoja lilitoka kwenye ubishi kuhusu bei ya pweza. Kijana, kwa kuwa yeye huswali msikitini, ndiye mwenye habari za mji, na nusu ya sura za watu tunazochora nadhani ni watu aliotuigizia.

Jioni, kabla ya kufunga, kuna jambo tuliloliiba kwa jirani. Njia ya pili kuna karakana ya fundi wa milango, mzee ambaye sote tunamwita Ami, na mimi nimekuwa nikipita pale tangu utotoni kwa ajili ya harufu ya maranda. Huyu hanoi patasi asubuhi. Hunoa magharibi inapokaribia, zote, moja baada ya moja kwenye kinoo, akazifuta mafuta, akazilaza kwenye gunia kwa mpangilio atakaozishika kesho. Kisha huchora kwa penseli waridi moja juu ya mbao asiyoigusa. Nilimuuliza mbona asiichonge kabisa, nuru ipo bado. Akaniambia, "Ndoo kesho asubuhi utizame," nikaenda. Alifika, akakaa, akashika patasi ya kwanza, na kabla sijamaliza salamu alikuwa ameshaanza. Hakukuwa na kile kipindi ninachokijua mimi cha kupanga meza, kutafuta kifutio, kusoma kazi ya jana na kujisikitikia.

Nasi twafanya hivyo. Dakika za mwisho za siku si za kumalizia. Ni za kuandaa. Karatasi ya kesho imekatwa, faili limepewa jina lake, penseli zimechongwa, na kwenye ukurasa kuna mstari mmoja ulioanzwa na kuachwa makusudi mahali ambapo mkono unajua unakokwenda. Ukiacha kazi mahali pagumu, asubuhi utaikimbia. Ukiiacha mahali pepesi, itakuvuta.

Ami yule ana jambo jingine ambalo watu wa shule hawalipendi: ana vigezo. Vimetundikwa ukutani, vya bati na vya karatasi ngumu, waridi za aina zote, minyororo ya pembeni, vingine alivikata baba yake. Hubandika, huchora, huchonga. Kijana mmoja aliyesomea sanaa mjini aliwahi kuniambia hapo hakuna ubunifu, ni kunakili tu. Nilimpeleka kwenye milango miwili iliyotoka kigezo kimoja. Mbao moja ilikuwa na fundo, na fundi alikuwa ameizungusha petali moja kulikwepa, kisha akazizungusha zilizobaki zote kidogo ili ile ya kwanza isionekane imekosewa. Ukitaka kuona ubunifu, tafuta palipo na fundo. Kigezo ndicho kilichompa nafasi ya kuliona.

Kwa hiyo nasi asubuhi, kabla ya lolote, tunanakili. Robo saa kwa mkono, si kwa kompyuta: kidaka kimoja, ubavu wa kasha, kitasa, siwa, lile baragumu la shaba lililoko Makumbusho kule pwani. Hakuna anayeonyesha. Michoro yetu iliyokataliwa nayo haitupwi. Ina kasha lake, na kasha lenyewe limefungwa vizuri kwa sababu unyevu wa bahari hukunja karatasi kama mkate wa kumimina uliopoa. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, marufuku ambayo ilitangaza kuiondoa mwaka 2023, mbao zilipanda bei na nilimwona Ami akifungua ghala lake la vipande alivyovihifadhi kwa miaka, vimepangwa kwa aina ya mti na unene. Alitengeneza fremu za vioo, sinia, visanduku. Vilivyotoka pale vilikuwa vizuri kuliko milango aliyokuwa akiichonga kwa haraka za watu wa hoteli. Nilirudi nikaliandika kasha letu lebo: wanyama, watu, vyombo, maji.

Kuna na mambo ambayo Lamu inakulazimisha tu. Kazi zetu kubwa huchapishwa Mombasa. Sampuli ikija, imevuka kwa boti kutoka Mokowe baada ya safari ndefu ya basi, na ikiwa na kosa, kosa hilo limetupotezea siku kadhaa. Ndipo tukawa wakali. Kila maandishi husomwa kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akifuata kwa kidole, na majina ya harusi husomwa mara ya pili kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ili jicho lisiruke kwa mazoea. Aya au dua ya herufi za Kiarabu ina hatari yake: faili likifunguliwa kwenye programu isiyozijua herufi hizo, zinakatika moja moja na kupangika kinyumenyume, na mtu asiyesoma hataona tatizo lolote, ataona pambo. Sisi huzigeuza kuwa mchoro kabla ya kutuma, na maalim hutazama mara ya mwisho kwenye karatasi. Na rangi hazikubaliwi kwenye kioo cha kompyuta. Kioo hutoa nuru, karatasi hunywa wino, na wino ni wa rangi nne tu. Ile buluu inayong'aa ya maji ya Shela wakati wa kaskazi haimo katika wino hizo, na ukiilazimisha itatoka imepoa. Tunachapa kipande, tunakipeleka kiwandani jua likiwa juu, tunakitazama hapo.

Pesa nitaipita haraka. Nusu kabla ya kuanza, hata kwa binamu. Hasa kwa binamu. Na mabadiliko yanayoruhusiwa huandikwa kwenye karatasi ileile ya malipo hayo. Mtu asiyejua kama atalipwa hawezi kuchora kitu cha kucheka.

Mara moja moja tunafunga wote wanne na kwenda mahali. Magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, ndiko tunakopenda. Lakini mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo siku ya safari huchaguliwa na bamvua na si na sisi. Kila mtu huchukua daftari moja dogo. Ukishafika umefika, huwezi kurudi mpaka maji yakubali, na sijui ofisi yoyote iliyopata namna bora ya kumzuia mtu asikimbilie barua zake.

Hivi sasa kuna ubishi ambao haujakwisha. Kijana wetu wa Faza anataka kuchora akiwa ameziba masikio kwa muziki, kaswida au taarabu, anasema mkono wake hutulia. Binti ami yangu anasema ndani ni ndani, na aliyeziba masikio hasikii akiitwa. Kijana amejibu, kwa adabu zote, kwamba kutoitwa ndiyo sababu ya sisi kuwa na ndani. Mimi sijakata shauri. Jumamosi ijayo tumekubaliana kulijadili msanani, na yeye, kwa kuwa jambo ni lake, atanyamaza, mdogo ataanza.